Rangi Ile Ile

Mvua za Aprili zilipopenya paa la nyumba ya Wangu, pale Woodley, ziliacha ukutani mwa sebule doa lenye umbo la kuku aliyelala. Wangu alilifunika kwa kalenda ya kanisa, akajifanya halipo. Lakini kuku akazidi kunenepa, mpaka kichwa kikatokeza juu ya kalenda na mkia ukatokeza chini, na zamu ya Wangu ya kuwakaribisha akina mama wa ushirika wa kanisa ikawa inakaribia. Hapo ndipo simu ilipotoka Murang'a: dada yake ameteleza bafuni, amevunjika nyonga, na hana wa kumgeuza kitandani.

Wangu alifunga mzigo asubuhi hiyo hiyo. Kabla hajatoka alimwita mke wa mwanawe.

"Mgeni!"

Hilo ndilo jina alilokuwa amempa Nanjala tangu siku Mwaura alipomleta nyumbani na kusema huyu ndiye mke. Alilisema akitabasamu, kwa hiyo halikuwa tusi. Lakini alilisema kila siku, kwa hiyo mzaha ulikuwa umeshakwisha ndani yake.

"Naam, Mama."

"Paa limezibwa. Tafuta fundi apake hii sebule kabla sijarudi. Yote, isiwe na viraka. Na rangi ni ile ile. Unanisikia? Sitaki kurudi nikute hoteli."

"Ile ile, Mama."

"Kwa sababu nikikuta nyumba ya mtu mwingine, nitajua hapa pana wenye nyumba wawili, na wawili hatutatoshana. Mtaenda mkapange yenu huko Dagoretti Corner, muipake hata zambarau."

Alicheka. Mwaura, aliyekuwa mlangoni na begi la mama yake mkononi, naye akacheka. Nanjala hakucheka. Alikuwa akimtazama mama mkwe usoni, na aliona mdomo ukicheka peke yake.

Mwaura hangejali kuhama. Alikuwa karani katika ofisi moja ya bima mjini, na kwake nyumba ilikuwa mahali pa kuvulia viatu. Nanjala alijali. Alikuwa amekulia katika nyumba za watu: kwa shangazi wa Kimilili, kwa shangazi wa Webuye, kwa binamu wa Kawangware. Kila nyumba aliingia na sanduku lake la bati na kila nyumba alitoka nalo, na katikati alijifunza wanaanika wapi, wanakula saa ngapi, nani hasemeshwi asubuhi. Hapa Woodley, nyuma ya mlango wa chumba, palikuwa na msumari ambao Mwaura aliugongomea siku ya kwanza, akasema, "Huo ni wako." Koti lake lilikaa hapo. Hakutaka kulitoa.

Fundi aliyempata aliitwa Wesonga, mtu wa Bungoma, aliyekuwa amepaka ile saluni ya Kenyatta Market ambako Nanjala husuka watu nywele. Alikuja na mguu mmoja wa suruali umekunjwa, akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole kama daktari anayegonga kifua.

"Ukuta ni mzima. Sasa rangi gani, dada?"

"Ile ile."

"Ile ile ina jina?"

Hakuna aliyelijua jina lake. Wesonga akakwangua kipande cha lipu kando ya mlango, kikubwa kama ukucha wa kidole gumba, akakifunga kwenye gazeti. "Mpe mzee apeleke mjini. Siku hizi kuna mashine, inaangalia kipande kama hiki halafu inakoroga rangi yenyewe. Haikosei."

Mzee ndiye Mwaura, ambaye hajafika hata thelathini na tano. Mzee akakubali. Na kwa kuwa kazi ingeanza karibuni, jioni hiyo alipanda kiti akaiteremsha picha ya marehemu baba yake, Ephantus, iliyokuwa imetundikwa juu ya kochi kubwa tangu wahamie nyumba hii.

Nyuma ya picha ukuta ulikuwa na rangi nyingine.

Palikuwa na mraba wa manjano, safi, wenye pembe zake nne, kana kwamba mtu ameacha dirisha dogo wazi na mchana umebaki humo. Pembeni yake ukuta wote uliobaki ukaonekana ulivyo: haukuwa mweupe, haukuwa manjano, haukuwa kahawia. Ulikuwa na rangi ya vitu vilivyokaa.

"Ndiyo hii!" Mwaura alisema. Alikuwa bado kwenye kiti, picha kifuani. "Hii ndiyo rangi yetu. Baba aliipaka mwenyewe tulipopewa nyumba. Mimi ndiye nilishika kopo. Ikanimwagikia hapa mguuni, Mama akanisugua na mafuta ya taa mpaka nikalia." Akakwangua kipande hapo pia, akakifunga pamoja na kile cha Wesonga. "Acha mashine iseme."

Mashine ilisema mambo mawili. Mwaura alirudi kutoka duka moja la Kirinyaga Road na makopo mawili madogo ya kujaribia, na juu ya vifuniko muuzaji alikuwa ameandika kwa kalamu nene: KRIMU A, KRIMU B.

"Nilimuuliza mbona zote krimu," Mwaura alisema. "Akaniambia, 'Bosi, kila kitu ambacho si nyeupe na si ya kelele, sisi tunaita krimu.'"

Wesonga alipaka miraba miwili ukutani, ubavu kwa ubavu, juu ya kochi. A ilikuwa ile ya nyuma ya picha. B ilikuwa ile ya kando ya mlango. Akarudi nyuma hatua kadhaa, akafumba jicho moja, kisha jingine.

"Dada, hii B ni uchafu. Nakuambia ukweli kwa sababu wewe ni wa nyumbani. Mashine imekorogea watu moshi. Hii A ndiyo rangi. B ni A iliyozeeka."

"Lakini ndiyo iko ukutani."

"Iko, lakini hakuna mtu aliyeipaka. Mimi nimepaka rangi toka nitoke shule, sijawahi kupaka uchafu kwa makusudi. Mtu atapita hapa aulize nani alifanya hii kazi, utasema nani? Wesonga?"

Nanjala akamwomba ampe siku mbili tatu. Wesonga alisema sawa, ana geti la kumalizia Kibera, na akaondoka akitikisa kichwa.

Siku hizo Nanjala aliishi na ile miraba. Asubuhi, jua lilipoingia kwa dirisha la mbele, A iliruka ukutani ikamjia mtu usoni, na B ikabaki nyuma imelala. Mchana zilikaa pamoja kama ndugu wawili wasiosemezana. Jioni, balbu ilipowashwa, zilifanana kabisa, hata Nanjala alilazimika kugusa kwa kidole ili kukumbuka ipi ni ipi. Alizipiga picha kwa simu ili amtumie Wangu, na simu ikazifanya zote mbili rangi moja ya kijivu. Akaifuta ile picha.

Jirani yao Phoebe, mwanamke mnene wa ushirika ule ule wa Wangu, aliingia kuazima ungo akasahau ungo.

"Wuoi! Mnapaka hii?" Alielekeza kidevu kwa A. "Hii ni ule unga wa yelo wa miaka ya njaa. Tuliula mpaka tukawa tunaota ndoto za manjano."

"Na hii ingine?"

Phoebe akaikaribia B, akaitazama kwa muda. "Hii ni bahasha. Ile ya kaki, ya barua za serikali." Akaketi. "Lakini wewe usiniulize mimi. Mimi na Mama Mwaura tumekaa hapa miaka na miaka na sijawahi kuona kama ukuta wake una rangi. Ulikuwa tu ukuta."

Maneno hayo ya mwisho Nanjala aliyashika. Phoebe aliondoka bila ungo.

Usiku ule, wakila, Mwaura alisema kwamba yeye ameshaamua. "A. Si mama alisema ile ile? Ile ile ni ile tuliyopaka. Hiyo ingine ni masizi ya jiko. Kila Julai baridi ikikaza Mama alikuwa anaingiza jiko hapa ndani, tunakaa mlango wazi, tunakohoa. Sasa tununue masizi na pesa?"

"Tumuulize."

Wakapiga simu. Sauti ya Wangu ilikuja imechoka, na nyuma yake mtu alikuwa akiguna.

"Mama, hii rangi," Nanjala alisema, "ni ile ya krimu-krimu ama ni ile ya manjano?"

"Kwani wewe huna macho? Ni hiyo unaiona."

Nanjala alikuwa akiziona zote mbili.

"Mama, ukutani kuna—"

"Mgeni, niko na mtu kwa beseni hapa. Ni ile ile. Umekaa nayo mwaka mzima." Na simu ikakatika.

"Umeona?" Mwaura alisema. "A."

Nanjala alitoa vyombo. Lakini alipokuwa akiosha, neno lile lilimrudia: umekaa nayo. Wangu hakusema umeiona. Na Nanjala akajaribu kukumbuka ni lini, katika mwaka mzima, aliwahi kuutazama ukuta ule kwa nia.

Alikumbuka mara moja.

Ilikuwa wiki yake ya kwanza. Alikuwa amepika chai kama ilivyopikwa kwao, maziwa mengi, majani kidogo, nyepesi na tamu, akampelekea Wangu kwa kikombe cheupe. Wangu hakuinywa. Aliinamisha kikombe, akaitazama.

"Hii ni maziwa yaliyopita karibu na majani," alisema. "Chai ya nyumba hii ina rangi."

"Rangi gani, Mama?"

Wangu hakutafuta neno. Aliinua kidevu tu, akaonyesha ukuta ulio mbele ya kiti chake. "Hiyo."

Basi kwa wiki nyingi Nanjala alibeba kikombe kutoka jikoni akisimama kidogo mlangoni, anaangalia kikombe, anaangalia ukuta. Ikizidi weupe anarudi. Ikizidi weusi anarudi. Siku moja Wangu alikunywa yote bila kuitazama, na tangu hapo mkono wake Nanjala ukaijua chai ile wenyewe, akaacha kuangalia ukuta. Tangu Wangu aende Murang'a hakuipika tena. Alikuwa amerudia ya kwao, na Mwaura, ambaye hunywa chochote chenye sukari, hakuona tofauti.

Asubuhi iliyofuata, Mwaura alipokwisha kutoka kwenda kazini, Nanjala alipika chai ya Wangu. Hakupima. Aliuacha mkono ufanye: maji kwanza, majani yachemke mpaka harufu ianze kuuma, ndipo maziwa, na moto upunguzwe yakiinuka mara ya pili. Akaichuja kwenye kile kikombe cheupe, akapanda juu ya kochi bila viatu, akakiinua kikombe, akakiinamisha kidogo, katikati ya miraba miwili. Jua lilikuwa limeingia.

Kando ya A, chai ilionekana kama matope. Kando ya B, ukingo wa chai haukuonekana unaishia wapi.

Aliteremka akainywa. Haikuwa chai aliyoipenda. Aliimaliza, kisha akampigia Wesonga.

Jioni alimwambia Mwaura. Alimwambia wazi, akiwa amesimama, kwa sababu alijua akiketi atarefusha maneno.

"Nimechagua B."

Mwaura alikuwa akivua soksi. Alibaki na moja mkononi. "Nani kakuambia uchague?"

"Mama. Aliniambia mimi, hakukuambia wewe. Na yeye hakai na ile ya baba yako. Anakaa na hii."

"Kwa hivyo umechukua masizi, ukaacha babangu."

"Nimechukua ukuta wa mama yako."

"Akirudi aseme tuondoke, mimi sitakuwa na la kusema."

"Hata ukipaka A huna la kusema," Nanjala alisema. "Mimi ndiye mgeni."

Mwaura aliivua soksi ya pili polepole mno. Hawakusemezana mpaka asubuhi, na asubuhi walisemezana kuhusu chumvi tu.

Wesonga alipiga msasa, akaziba, akafunika makochi kwa magazeti. Kuku aliyelala aliondoka kwa kupakwa mikono miwili ya rangi, na wa tatu ukamzika. Wesonga alifanya kazi akiimba nyimbo za kwao, na kila alipopumzika alimkumbusha Nanjala kwamba yeye amenawa mikono, kama Pilato. Alipofika juu ya kochi kubwa, Nanjala alimzuia.

"Hapa palipokuwa na picha, usiguse. Zungusha."

Wesonga alishusha rola. "Dada. Watu watasema rangi iliniishia."

"Hawatapaona."

"Mimi nitakuwa najua."

"Basi ujue," Nanjala alisema, na Wesonga akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. Alichukua brashi nyembamba akazungusha ule mraba wa manjano kwa uangalifu kuliko alivyopaka kitu kingine chochote, pembe zote nne.

Mwaura alirudi akakuta kazi imekwisha na picha ya baba yake imeegemezwa ukutani. Alipanda kiti ili aitundike. Nanjala, aliyekuwa akikunja magazeti, alimwona akisimama pale juu, picha mikononi, uso wake karibu na ule mraba. Alikaa hivyo muda wa kutosha magazeti kukunjwa yote. Halafu akaitundika.

"Iko sawa?" aliuliza bila kugeuka.

"Inua kushoto. Kidogo. Hapo."

Wangu alirudi Jumamosi, na ushirika ulikuwa Jumapili. Aliingia na kiroba cha viazi na habari za nyonga ya dada yake, ambayo ilikuwa imeanza kuunga. Alizitoa habari zote akiwa amesimama, kisha akaketi kwenye kiti chake, kile kinachotazama ukuta. Nanjala alisimama mlangoni mwa jikoni. Alijua madirisha yalikuwa yamefunguliwa siku nzima na harufu ilikuwa imepungua.

Wangu alitazama. Macho yake yalipita ukutani kama yalivyopita kila siku, bila kukwama popote. Yalipofika mahali pa kuku, yalisimama.

"Kwani fundi hakuja?" alisema. "Na doa limeenda wapi?"

"Alikuja, Mama. Amepaka yote."

Wangu akainuka. Aliuwekea ukuta kiganja, akanusa kiganja. Alitembea kando ya ukuta mpaka kwenye kochi kubwa na, kama mtu aliyezoea kupangusa vumbi hapo, akainua pembe ya chini ya picha kwa kidole kimoja.

Mwaura alijifanya anatafuta kitu kwenye simu.

Wangu aliutazama ule mraba. Kisha akaachilia picha, ikarudi mahali pake na sauti ndogo.

"Mwanaume wa kelele huyu," alisema. Hakusema nani. "Aliniambia ni rangi ya furaha. Nikaamka siku ya pili nikidhani nyumba inaungua. Nilimwambia aibadilishe, akasema kesho, kesho yake ikawa miaka. Ndipo nikaanza kuingiza jiko."

Mwaura aliinua kichwa. "Mama, si ulisema ni baridi?"

"Baridi pia ilikuwepo."

Akarudi akaketi. "Mgeni, kuna chai?"

"Ipo, Mama," Nanjala alisema, na alipogeukia jikoni alisikia kwamba jina ni lile lile, na akaenda kuchemsha maji.

Jumapili akina mama wa ushirika walijaa sebuleni mpaka wengine wakakalia mikono ya makochi. Walisali, wakaimba, wakawaombea wagonjwa na nyonga ya Murang'a ikatajwa kwa jina. Nanjala aligawa chai. Ilipofika zamu ya maneno ya kawaida, mama mmoja aliyekuwa anajenga huko Ngong alizungusha macho.

"Mama Mwaura, nyumba imetulia. Hii rangi inaitwaje? Nataka niipate."

Wangu alikuwa akipuliza chai yake. Hakuinua uso.

"Muulize mwenye nyumba," alisema. "Mimi sikuwepo."

Wanawake wakageuka wakitafuta mwenye nyumba. Walimpata amesimama na birika mkononi.

"Haina jina," Nanjala alisema. "Ni ile ile."

"Ile ile gani sasa?" Phoebe alidakia kutoka kwenye kona. "Mimi niliziona mbili hapo ukutani, moja unga, moja bahasha!"

"Wewe kunywa chai, Phoebe," Wangu alisema. "Halafu angalia kikombe chako, angalia ukuta."

Phoebe aliangalia kikombe. Akaangalia ukuta. Akaangalia kikombe tena, akaonja, na akasema sukari haijatosha.